Mpini wa Mkono wa Kushoto

Haya alinihadithia shangazi yangu Rahabu mwenyewe, mwaka wa tisini na nne, wiki ya tatu tangu nimzike mume wangu. Ilikuwa alasiri ya mwezi wa sita, jua limetoka baada ya siku nne za ukungu, nasi tumekaa uani kwake karibu na Irente tunatoa maharage kwenye maganda. Mumewe, mzee Fanueli, alikuwa ameketi ukutani na redio yake. Nilimwambia shangazi kwamba asubuhi siwezi kuinuka, shamba limejaa magugu na sina habari nalo. Nilidhani atanipa pole. Hakunipa. Alisema tu, "Ngoja nikuambie habari ya barua," akavuta sinia la maharage karibu.

Barua ililetwa na mchukuzi wa mboga. Siku zile vijana wa kwetu walikuwa wakiteremka na vikapu vya kabichi na karoti mpaka stesheni ya Mazinde, na wakipanda wanarudi na chumvi, mafuta ya taa na habari za watu. Ni zamani za Mwingereza, miaka ile ya mwanzo ya hamsini, walipotulazimisha kulima matuta kwenye miteremko yote. Rahabu alikuwa na miaka ishirini, na mchumba wake Fanueli yuko chini kwenye mashamba ya mkonge. Aliipokea barua mlangoni, akaisoma amesimama, kwa kuwa alikuwa amesoma madarasa matatu ya misheni.

"Kwa Rahabu binti Yoeli. Salamu. Mimi huku sijambo. Nakuarifu kwamba nimepata mwanamke mwingine hapa kambini na nimekaa naye. Jembe lirudishe kwa wazee wangu. Usiningoje. Ni mimi Fanueli."

Mama yake, bibi yangu Marta, alikuwa anachambua mchicha. Akauliza imesema nini. Rahabu akamsomea yote, neno kwa neno. Bibi Marta akaacha mchicha, akasema ndivyo mkonge ulivyo, unameza vijana wa watu.

Rahabu alikuwa anaigeuzageuza ile karatasi.

"Mama, huu si mwandiko wake."

"Si kasema ni yeye?"

"Fanueli herufi zake zinaanguka kama mbuzi wanaoteremka mlima. Hizi zimesimama mstari mmoja. Hii kaandika karani."

"Labda ameona haya kuandika mwenyewe."

"Mtu akiona haya hanyamazi tu? Huyu anajua kuandika. Kwa nini aende kwa karani kusema neno kama hili mbele ya mtu?"

Hapo lazima nieleze habari ya lile jembe, maana vijana wa leo hawaijui. Kwa ukoo wetu, kijana akikubaliwa, alikuwa anampelekea mchumba wake jembe. Chuma alinunua dukani, lakini mpini alichonga kwa mkono wake mwenyewe, kwa mti wa mpera, kwa kimo cha msichana. Fanueli alimpima Rahabu kwa kamba mbele ya wazee, watu wakamcheka kwamba anapima jeneza. Msichana akililimia jembe lile, na nyumbani kwao wakala mavuno yake, basi uchumba umefungwa. Baba mwenye busara alikuwa anayaweka mahindi yale kando mpaka ndoa, asije akajifunga. Na mpini ukivunjika, hakuna mwingine wa kuutengeneza. Unarudishwa kwa aliyeuchonga. Akichonga wa pili, uchumba upo. Akitia vipande motoni, umekwisha. Na msichana akipokea mpini wa mtu mwingine, hata wa baba yake, umekwisha vilevile.

Rahabu alililimia jembe lile masika yote. Mavuno yalipoiva, Fanueli aliteremka mkongeni kutafuta vya kuanzia nyumba. Na babu yangu Yoeli, mwaka ule njaa ilikuwa inanukia, akayala mahindi.

Babu aliposikia habari ya barua hakungoja. Alikuwa na kifua kibaya, baba yangu alikuwa Tanga kwenye reli, na pale nyumbani hakukuwa na mwanamume mwingine. Matuta yalikuwa yanadaiwa. Msimamizi wa serikali alikuwa anapita na fimbo yake ya kupimia, na nyumba isiyomaliza kabla ya masika, mwenyewe anaitwa barazani kwa jumbe, na wengine walifungwa. Kwa hiyo Timotheo, aliyefiwa na mkewe, mwenye shamba kubwa la mboga na mikono miwili mizuri, alipoleta posa, babu alimkubali siku hiyohiyo. Timotheo hakuwa mtu mbaya. Shangazi alinisisitizia hilo. Alisema alikuwa na sauti ya kuimba besi, na alikuwa mtu wa utani.

Rahabu akamwomba mama yake siku mbili. Bibi Marta alimtazama sana, halafu akamfungia magimbi ya kuchemsha kwenye jani la mgomba. Akasema atamwambia baba yake kwamba amekwenda kumsaidia mtu aliyejifungua huko Kwai.

Aliondoka kulipopambazuka. Ukisimama ukingoni Irente unaiona Mazinde iko chini kabisa, mistari ya mkonge imenyooka kama daftari, na treni ni kama mdudu anayetambaa. Tangu Fanueli aende, Rahabu alikuwa anapita pale kila akienda kukata kuni. Kulikuwa na kipande cha reli walichokigonga kambini kuita watu kazini, na yeye alidai anakisikia kutoka juu kule. Wenzake walimwambia anasikia masikio yake mwenyewe.

Alifika Mazinde jua liko utosini. Joto lilimpiga kama mtu aliyefungua tanuri. Nje ya kambi alimkuta bibi mmoja anakaanga vitumbua.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wa mlimani wewe, nakuona kwa miguu. Karibu kivulini."

"Namtafuta Fanueli, wa kutoka Irente."

"Ni nani wako?"

Rahabu akameza mate. "Nimeambiwa ana mke hapa. Nataka nimwone huyo mke."

Bibi yule, jina lake Zuhura, akaweka upawa chini. "Nani kakuambia?"

"Yeye mwenyewe, kwa barua."

Bi Zuhura akacheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kanga. "Basi umefika, mke mwenyewe ndiye mimi. Namfulia, namfungia vifungo, namkatia nyama. Meno nimebaki nayo manne. Unanionaje, nakutosha kwa mke mwenza?"

Rahabu hakucheka.

"Bibi, kwa nini umkatie nyama?"

Hapo kicheko kikamwisha Bi Zuhura. Akageuza vitumbua vyake, akavigeuza tena ingawa havikuwa tayari. Halafu akamweleza taratibu. Kwamba Fanueli alikuwa anafanya kazi korona, yaani kwenye mashine ya kusaga majani ya mkonge. Kwamba siku moja jani lilinasa na mkono wa kulia ukalifuata. Kwamba alilala hospitali mwezi mzima na alipotoka alisema kwao mlimani asiambiwe mtu. Sasa kazi yake ni kugonga reli.

"Yuko nyuma ya banda," akasema. "Mwanangu, usilie mbele yake. Akiona mtu analia anazidi kunyamaza."

Alimkuta ameketi juu ya gogo, mkono wa shati umefungwa fundo chini ya kiwiko. Alipomwona alisimama, akageuza ubavu ule kwa upande wa ukuta.

"Nani kakuambia uje?"

"Mwandiko."

Akainamisha kichwa. Rahabu alisema alitaka kumkumbatia na kumpiga kofi, vyote pamoja, na kwa kuwa hakujua aanze na kipi, alikaa juu ya lile gogo akafungua magimbi. Wakala. Alimwona anavyopata taabu kumenya kwa kushoto, hakumsaidia.

"Rahabu, sina cha kushikia jembe."

"Jembe ninalo mimi."

"Baba yako atasema nini?"

"Baba yangu haolewi."

Hata Fanueli alitaka kucheka, mdomo ukakataa. "Watu watakucheka mpaka wachoke. Watasema umeolewa na nusu mtu. Na matuta je? Nimesikia wanafunga wazee. Muoe Timotheo." Alisema hivyo, muoe, ulimi ulimteleza. Rahabu akamwambia yeye ni mwanamke, haoi mtu, na tena habari ya Timotheo kaijua vipi akiwa huku? Kumbe wachukuzi wa mboga walikwisha kuipeleka.

"Sema hunitaki," akamwambia. "Kwa mdomo wako. Si kwa karani."

Fanueli alikaa mpaka saa yake ya kazi ikafika, akainuka, akachukua nyundo kwa mkono wa kushoto, akaigonga reli. Pigo la kwanza lilikwenda pembeni. La pili likakaa.

Rahabu alilala kwa Bi Zuhura. Asubuhi, kabla ya kuanza kupanda mlima, alimfuata tena.

"Wataanza kunitangaza kanisani. Jumapili ya tatu wataulizia pingamizi, nami nitasimama. Ukija nitafurahi. Usipokuja, nitasimama hivyohivyo."

"Usifanye hivyo, Rahabu."

"Nimekuarifu tu," akasema, akaondoka.

Jumapili ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Rahabu alikuwa kimya, na babu akachukua kimya kile kuwa ni kukubali. Ya tatu kanisa lilijaa. Wanawake upande wao, wanaume upande wao, mlango wazi kwa sababu ya joto la watu. Shangazi alisema aliukodolea macho ule mlango mpaka shingo ikamwuma. Waliingia kuku wawili, Fanueli hakuingia.

Mwalimu wa kanisa akavaa miwani yake. "Kwa mara ya tatu na ya mwisho natangaza ndoa ya Timotheo na Rahabu binti Yoeli. Mwenye pingamizi aseme."

Rahabu akasimama.

"Mimi ninalo."

Mwalimu akamtazama juu ya miwani. "Mwanangu, wewe ndiye unayetangazwa."

"Ndiyo, mwalimu. Ndiyo maana ninalo."

Watu wakaguna. Babu Yoeli, bila kugeuka, akasema kwa sauti ya chini ambayo kila mtu aliisikia, "Keti chini."

"Nitaketi, tate, nikishajibiwa." Tate ndivyo tunavyomwita baba kwa Kishambaa. "Mwalimu, nina mchumba. Jembe lake nimelilimia masika yote, na mahindi yake yameliwa nyumbani kwetu. Baba aliyala."

Mwalimu alikuwa Mshambaa kama sisi, hakuhitaji kuelezwa. Akamgeukia babu. "Mzee Yoeli, mahindi yale uliyala?"

Babu alikuwa mtu ambaye hajawahi kusema uongo kanisani. Alikohoa muda mrefu.

"Niliyala."

Nyuma kabisa mzee mmoja akasema, "Hata mimi alinikaribisha. Yalikuwa matamu."

Kanisa likacheka, mpaka mwalimu akagonga meza. Hapo Timotheo akainuka upande wa wanaume, amevaa koti lake jipya, maskini. Akasema, "Mwalimu, jina langu lifute. Huyu kama anasimama kanisani, mimi nikimkosea nyumbani si atasimama juu ya paa?" Wakacheka tena, naye akaketi. Shangazi alisema alivifunga vifungo vya koti upande upande. Hakumsahau kwa wema ule.

Huko nyumbani hakukuwa na kicheko. Babu alingoja mpaka amevua viatu vya kanisani.

"Umechagua jembe," akamwambia. "Basi limia. Matuta yote ni yako. Nikiitwa barazani, ujue ni wewe uliyenipeleka."

Tangu siku ile hakumsemesha. Wiki tano. Akitaka maji alimwambia mkewe, hata kama Rahabu ndiye aliyeshika kibuyu.

Sasa wewe unayesoma usidhani matuta ni mchezo. Unakata udongo kwenye mteremko unaotaka kukutupa, unauvuta juu, unaupanga kukingama mlima, tena unaweka vizuizi katikati, mstari baada ya mstari. Rahabu aliamka na ukungu, akavaa kaniki yake, akapanda. Viganja vilipasuka, akavipaka mafuta ya nyonyo, vikapasuka tena. Wanawake wakipita na mizigo walimwita bibi harusi wa jembe. Wakamwuliza bwana harusi analala vizuri? Analalia upande gani, wa chuma au wa mti? Yeye aliwajibu kwamba analala vizuri, hakoromi kama wa kwao. Wakipita ndipo alipokuwa akilia, lakini aliniambia alijizoeza kulia huku analima, ili asipoteze muda.

Nusu ya matuta ilikuwa imekwisha, mwezi wa pili uko ukingoni, alipolipiga jembe kwenye jiwe. Mpini ukakatika shingoni.

Babu alikuwa ameketi mpakani na blanketi lake, anaota jua. Aliona. Akainuka, akaingia ndani, akakaa kidogo, akatoka na mpini mzuri wa mpera, umelainishwa mpaka unang'aa. Alikuwa ameuchonga mwenyewe. Shangazi hakujua lini.

"Lete nikutilie."

Neno la kwanza baada ya wiki tano. Rahabu aliutazama ule mpini. Alijua maana yake, na babu alijua kwamba anajua. Kama angekuwa ametupiwa kwa hasira, aliniambia, angekataa upesi. Lakini uliletwa kwa huruma.

"Asante, tate. Lakini siupokei."

"Mvua inakuja."

"Naiona."

"Mama yako ameniambia habari ya mkono wake. Unataka nifungwe kwa ajili ya mpini wa mtu asiye na mkono?"

"Sitaki ufungwe. Nitalima. Ila mpini huu nikiupokea, nitakuwa nimemwambia yale aliyoniambia kwa karani."

Babu akakohoa, akaurudisha mpini ndani.

Jioni ile Rahabu alimpa mchukuzi wa mboga vile vipande viwili vimefungwa kwa kamba ya mgomba. Ampe Bi Zuhura, naye ampe mwenyewe. Barua hakuandika. Na kesho yake akapanda shambani, akapiga magoti, akashika chuma kitupu kwa mikono miwili, akaendelea kuvuta udongo kama mtu anayekuna sufuria. Siku ya kwanza alimaliza tuta moja. Ya pili nusu tuta. Siku ya tatu babu aliweka blanketi lake juu ya jiwe, akaja akapiga magoti kando yake, akaanza kubeba mabonge kwa mikono, anapumzika kila mara kwa ajili ya kifua.

Siku ya tisa asubuhi, ukungu umekaa bondeni, babu ndiye aliyemwona kwanza. Mtu anapanda njia ya chini, kabeba mti begani, mkono mmoja wa shati unapepea.

Fanueli alisimama mwisho wa tuta, akavua kofia, na ili aivue ilimbidi kwanza aweke ule mti chini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Babu akanyoosha mkono. "Lete nione."

Akaugeuza huku, akaugeuza huku. Akafumba jicho moja akautazama kwa urefu.

"Umepinda."

"Ndiyo, mzee. Mkono wa kushoto bado haujajua."

"Siku ngapi?"

"Tano. Wa kwanza nilivunja, na wa pili nilivunja. Bi Zuhura ameniita mharibifu wa kuni."

"Nani alikushikia gogo?"

"Miguu."

Babu akatazama chini. Miguu ya Fanueli ilikuwa na majeraha ya panga juu ya vidole, mengine bado mabichi. Alichukua chuma mikononi mwa binti yake, akauingiza mpini, akaupigilia kwa jiwe, akampa Rahabu.

"Jaribu."

Akapiga mara tatu, nne.

"Vipi?"

"Unaniuma kiganjani, tate."

"Utauzoea," babu akasema. "Mama yako naye alinizoea." Akachukua blanketi lake, akawaacha.

Walipobaki wawili, Rahabu hakumkumbatia. Aliendelea kulima, naye akawa anafuata nyuma, anasawazisha udongo kwa mguu. Walipofika mwisho wa mstari ndipo Rahabu aliposema.

"Jumapili ile nilikutazamia mlangoni."

"Nilikuja."

Akaacha kulima.

"Nilipanda mpaka ukingoni Irente. Nikasikia kengele. Nikawaza watu wote wale watageuka wanitazame. Nikarudi chini." Akausawazisha udongo kwa mguu. "Niliogopa, Rahabu. Wewe ulisimama peke yako na mimi nilikuwa umbali wa kufika kabla hamjamaliza wimbo."

Shangazi alisema hapo ndipo hasira ilipompanda kweli, kuliko siku ya barua. Alilima mstari mzima. Alilima mpaka jua likatoka.

"Kwa nini umekuja leo?" akauliza mwishowe.

"Vipande vilikuja bila barua. Nilingoja uniseme, uniite mwoga. Hukusema kitu. Nikavitazama siku nzima. Bi Zuhura akaniuliza avitie motoni akaangie? Nikamwambia asivishike." Akaugusa ule mpini uliopinda. "Sikujua kama nitaweza. Nilichonga tu."

"Tena usirudi chini ukaniacha," akamwambia. "Ukiogopa, ogopa hapahapa."

"Hapahapa," akasema.

Wakamaliza matuta siku mbili kabla ya mvua. Msimamizi alipita na fimbo yake, akapima, akaandika, akaenda zake. Babu hakuitwa barazani. Baada ya Pasaka wakatangazwa, na Jumapili ya tatu mwalimu alipoulizia pingamizi, kanisa zima liligeuka kumtazama Rahabu. Yeye alishika kitabu cha nyimbo kwa mikono miwili akakaa. Yule mzee wa nyuma akauliza, "Mahindi ya mwaka huu yamekwisha?" Timotheo ndiye aliyecheka kwa nguvu kuliko wote, na siku ya harusi aliimba besi.

Fanueli alijifunza kulima. Alijitengenezea mkanda wa ngozi, akaufunga kwenye kiwiko, akaingiza mpini humo. Mara nyingine ulichomoka na jembe likaruka, watoto wakakimbia huku wanacheka. Walipata watoto sita. Ule mpini bado upo. Umening'inizwa jikoni kwake, mweusi kwa moshi, nami siku ile nilinyanyuka nikaushika. Ulipopinda pamekuwa laini kama sikio.

Nilirudi nikakaa, nikamwuliza, "Shangazi, siku ile kanisani nguvu ulizipata wapi?"

Akacheka. "Wewe nawe unauliza kama wote. Kanisani ilikuwa dakika moja. Mtu akikasirika anaweza kusimama dakika moja. Uniulize zile wiki tano."

"Basi zile wiki tano?"

Akatoa maharage ya ganda moja, akatazama kama yana wadudu.

"Sikuwa na nguvu za wiki tano. Nilikuwa na za tuta moja. Likiisha, nakaa chini, naona kama bado zipo za jingine. Siku nyingine hazipo, narudi nyumbani." Akanitupia ganda tupu miguuni. "Kesho inuka, palilia mistari miwili. Usiniulize wa tatu. Jioni uje tule."

Mzee Fanueli alikuwa amekwisha kusinzia ukutani, redio inasoma salamu za wagonjwa, mkono wa kushoto umelala juu ya ile sehemu iliyokatika kana kwamba anaikinga na baridi. Shangazi aliinama akaizima redio. Akaniambia yule mzee akilala hivi huwa anagonga kwa kidole, bado anaita watu kazini. Nikatazama, kweli, kidole kilikuwa kinagonga. Tukakitazama mpaka kikatulia.

Akaegemea ukuta karibu naye, akasema anapumzisha macho kidogo tu, nisimalize maharage peke yangu. Nilitoa ganda moja, nikatoa la pili. Nilipogeuka kumwuliza kitu, alikuwa amelala.